Mlango wa Kulia

Jumamosi, 2 Machi

Mama mkwe kahamia kwetu leo. Kabati lake lilitangulia—ndilo sharti alilotoa. Kabati kwanza, yeye baadaye. Likivunjika njiani hana haja ya kuja. Basi saa nne asubuhi wapagazi wanne walikuwa mlangoni na kitu kirefu kilichoviringishwa mablanketi, na mume wangu, Bwana Kipimo, mbele yao anarudi kinyumenyume na futi yake, anapima korido ambayo aliipima jana na juzi. Ndiyo matunda ya kuolewa na mpima ardhi. "Zimebaki sentimita nne!" anapiga kelele. Mpagazi mmoja akamwambia, mzee, ukitoka hapo zitabaki nyingi tu.

Miaka ishirini na sita ya ndoa na sijawahi kuliona kabati hili vizuri. Lilikaa chumbani kwa Mama, limefunikwa kitambaa mpaka sakafuni, na chumbani kwa mama mkwe mtu haingii kupiga chabo. Leo mablanketi yametolewa. Rangi ya mafuta, kijani, ile ya mageti! Nene, imetiririka pembeni ikakauka hivyo hivyo. Nilitaka kulia. Halafu nikaangalia chini.

Miguu!

Myembamba, ya duara, inazidi kuwa myembamba kadiri inavyoshuka, imetanuka nje kidogo. Mwili mrefu na wa chini. Milango miwili katikati, droo tatu kila upande. Hakuna nakshi. Hakuna vishikio vya chuma—mishiko imechongwa ukingoni mwa mbao zenyewe, mahali pa kuingiza ncha za vidole tu. Hiki ni kitu cha miaka ile ya hamsini na sitini, watu walipochoka na makabati yenye miguu ya simba. Nimekitafuta nusu ya umri wangu, kumbe kilikuwa kimebeba redio na dawa za presha za mama mkwe wangu!

Aliyelipaka kabati hili rangi angefungwa. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema kwa sauti.

Jumapili, 3 Machi

Nilijilaza sakafuni na taa yangu ya kliniki kichwani. Miaka thelathini nachungulia vinywa vya watu. Chini ya kabati nako ni kinywa tu, tena hakilalamiki. Ndani ya droo hakuna rangi. Mbao za hudhurungi, zenye mng'ao wa dhahabu ndani yake. Kwenye kona mbao zimeumana kwa meno yaliyokatwa kwa mkono—msumari hata mmoja hakuna. Meno yamepangika kuliko ya wagonjwa wangu wote.

Viatu vya Mama vikasimama karibu na sikio langu.

"Unatafuta nini chini ya kabati langu, mwanangu? Mende?"

"Naangalia miguu, Mama."

"Ni minne. Ungeniuliza ningekwambia."

Nilipiga picha nikatuma kwenye kundi letu la wapenda samani za zamani, Miguu Myembamba. Tuko kumi na wanne, wote tunaugua ugonjwa mmoja. Niliandika: mti wa msaji, limetengenezwa ng'ambo, kati ya 1955 na 1960, SINA SHAKA. Herufi kubwa! Rubani mstaafu, ambaye hajawahi kumsifu mtu kwenye kundi lile, alituma mioyo saba. Niliitazama hiyo saba mpaka chai ikapoa.

Bwana Kipimo akaniuliza kama kabati hili nalo litaingia kwenye ile familia yangu ya viti. Viti kumi na kimoja, anasema, na sisi tulikuwa wawili hadi jana. Tumepata wa tatu, nikamwambia, hesabu inaanza kukaa sawa.

Jioni nikajaribu bahati. Nikammiminia Mama chai, nikapiga magoti kabisa, sauti yangu laini kama ya mtu anayekaribia kung'oa jino. Je, Mama angeniruhusu nitoe ile rangi, nione mbao zilivyo?

Hapana. Rangi hiyo aliipaka marehemu mumewe kwa mkono wake mwenyewe. Tuiache.

Nikasema ndiyo Mama. Ndani nilikuwa nasaga meno, jambo ambalo kazini nawakataza watu kila siku.

Jumanne, 5 Machi

Leo daktari wa macho. Niliingia na Mama. Bwana Kipimo alibaki nje anazunguka zunguka.

Si mtoto wa jicho. Ingekuwa heri. Ni sehemu ya katikati ya kuona, macho yote mawili, inachakaa. Hairudi. Pembeni pataendelea kuona, katikati patazidi kuwa na ukungu. Daktari ni mpole, alieleza taratibu, akamfundisha Mama kutazama kitu kwa pembeni kidogo, asikikazie macho, akampa na miwani mipya ya kukuza. Mama akauliza ni muda gani. Akajibiwa pengine hadi mwisho wa mwaka, pengine chini ya hapo. Mama akashukuru, akamwuliza kama ameshakula, maana ni mwembamba.

Njiani kurudi. Mimi nyuma nimemshika mkono, mwanawe anaendesha kama amebeba mayai. Tulipokata kona ya nyumbani ndipo Mama akasema, macho yake dirishani:

"Hiyo rangi. Kuitoa kunachukua siku ngapi?"

Mimi na Bwana Kipimo tukatazamana kwenye kioo.

Nikasema wiki mbili, Mama, nikifanya kila nikitoka kazini. Akasema nianze basi, anataka kuziona mbao zake angali anaona kitu. Kisha akaninyooshea kidole, kidole kile kile alichokuwa akimnyooshea mwanawe enzi hizo. Kabati zima naweza kulitoa rangi. Mlango wa kulia nisiuguse.

Kwa nini, Mama?

Tukawa tumefika. Akashuka.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeumbuka! Niandike haraka nimalize.

Nilimwita Fundi Randa aje anishauri. Mzee huyu anapiga randa mbao tangu sijazaliwa na ndiye hunirekebishia viti vyangu. Akavuta droo, akakwaruza kwa ukucha wa dole gumba, akanusa. Akanusa tena. "Daktari, huu si msaji. Ni mvule."

Nikabisha. Nikataja mng'ao, nikataja mafuta ya mbao, nikataja picha nilizoziona. Aliniacha nimalize. Kisha akaniwekea kidole kwenye mstari mdogo mweupe, mgumu kama chokaa. Mvule unaweka mawe tumboni, anasema, unaua meno ya msumeno. Hilo jiwe ni saini yake. Msaji ukiunusa unanuka ngozi ya kiatu kipya. Huu unanuka nini? Nikanusa. Haunuki kiatu.

Tukalisogeza tuone mgongo. Mgongoni hakuna aliyewahi kupaka rangi. Mbao za sanduku la mizigo! Herufi za muhuri bado zinasomeka nusu nusu: mshale wa kuelekea juu, picha ya glasi, na neno ASANTE limekatwa katikati—sanduku la kiwanda cha humu humu. "Hili halijawahi kupanda meli," Fundi Randa akasema. Mtu wa hapa ameona picha kwenye gazeti, akasema hata mimi naweza. Na akaweza.

Alibaki anapapasa yale meno ya kona kwa muda mrefu. Akasema huyo mtu akionyeshwa, yeye atamsalimia kwa mikono miwili.

Ikabidi nikiri kwenye kundi. Nilikosea, ni mvule, limetengenezwa hapa, fundi hajulikani. Rubani alifuta mioyo yake yote saba!

Jumamosi, 9 Machi

Kazi imeanza, na nusu ya siku imekwenda kwenye ubavu mmoja. Mashine ya kupuliza joto, kikwangulio, kitambaa, tena. Kwenye pembe natumia vile vyuma vyangu vya kukwangua meno, vilivyostaafu. Barakoa mdomoni. Mama kaketi kwenye kiti changu cha tatu kwa uzuri, miguu juu ya kigoda, ananisimamia.

Tabaka tano. Ananitajia kila moja linapotoka, hana haja ya kuliona. Kijani: mwaka aliostaafu marehemu baba mkwe. Krimu: mwaka kitinda mimba alipoanza shule. (Kitinda mimba alikuwa karibu anafagia maganda ya rangi, futi imemning'inia kiunoni.) Kijivu: hakuna sababu, posta walikuwa wakipaka jengo, rangi ikabaki, na marehemu alikuwa karani wao. Kahawia: mtoto wa pili. Na chini ya yote, bluu. Nikauliza bluu ni mwaka gani. "Hiyo ya kwanza," akasema tu, akaomba maji.

Jambo moja linanisumbua. Mlango wa kulia una sehemu imebanduka kwenye ukingo, pana kama kucha. Sikuugusa! Nimetazama tu, na kutazama hakujakatazwa. Nikahesabu matabaka kwa taa. Tisa.

Kushoto tano, kulia tisa. Jino likizibwa mara nyingi kuliko wenzake, ama lina tatizo, ama lina mtu anayelihangaikia.

Jumatatu, 11 Machi

Mlango wa kushoto umetoka wote. Ee!

Sikujua kama mti unaweza kufanya hivi. Rangi ya asali iliyokolea, na katikati miali inapanda, mmoja ndani ya mwingine, kutoka chini hadi juu, kama moto wa jiko lililokolea. Nilipaka mafuta kidogo tu kwa kitambaa ikawaka zaidi. Nikamwita Mama.

Alikuja akipapasa ukuta. Akainama, akageuza uso pembeni kama alivyofundishwa. Akaweka kiganja juu ya mlango, akakishusha taratibu, akakipandisha. Akanusa vidole vyake. Nikaona amefumba macho, basi nikatoka nikajifanya naosha vitambaa.

Jumatano, 13 Machi

Naandika sakafuni, daftari juu ya goti, hivyo mwandiko utakuwa wa ovyo.

Leo nilichomoa droo zote sita nizisafishe. Nyuma ya kila moja, kwa penseli, namba yake: 1 hadi 6. Kando yake vipimo. Jambo la kawaida, mafundi wote huandika ili droo isipotee njia. Nilikuwa naendelea kufuta vumbi. Halafu nikarudi kutazama.

Saba yenye mshipi kiunoni. Nne iliyoachwa wazi kichwani, kama kiti kilichopinduliwa. Moja yenye kofia ndefu kuliko mwili.

Nazijua namba hizi!

Nikaenda jikoni. Kwenye mlango wa friji kuna karatasi tangu mwaka juzi, namba za simu za ndugu wote, ameandika Mama kwa mkono wake kwa sababu haiamini simu. Nikaibandua. Nikapiga magoti mbele ya droo, karatasi huku, droo huku. Saba, mshipi. Nne, kichwa wazi. Moja, kofia.

Nimewahi kusema kwenye kundi kwamba natambua mkono wa fundi kwa kuangalia kona moja ya droo. Nimejipiga kifua kweli! Na fundi mwenyewe nimekunywa naye chai miaka ishirini na sita, namsikia akiuliza nani kamaliza sukari.

Bwana Kipimo aliporudi nikamwonyesha. Akatoa futi, akapima droo, akalinganisha na vipimo vya penseli. Vilikuwa sawasawa. Akakaa sakafuni na suruali ya kazini. Akasema kila mguu wa kiti ulipovunjika nyumbani kwao ni Mama aliyeutengeneza. "Nilidhani mama wote hufanya hivyo."

Ijumaa, 15 Machi

Nilimuuliza. Sikuzunguka mbuyu, niliweka droo namba nne mapajani mwake, nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya namba.

Akacheka! Akacheka mpaka akakohoa. "Umechelewa, mkwe. Nilikuwa nimeshakata tamaa na wewe."

Basi. Baba yake alikuwa seremala na hakuwa na mtoto wa kiume wa kumshikia upande wa pili wa msumeno. Akamshikisha yeye. Akiwa na miaka kumi na mitano alikata meno ya droo vizuri kuliko babake, na wateja hawakujua, kwa sababu anayejulikana ni mwenye karakana. Alipochumbiwa akasema hataki kununuliwa kitu, atajitengenezea. Picha aliiona kwenye gazeti. Ubao wa mvule alipewa na babake, wa mwisho, mpana, aliouficha miaka mingi.

Hapo akanieleza milango, na mikono yake ilikuwa inachora hewani. Ubao mmoja unaupasua kwa unene wake, unaufungua kama kitabu. Kurasa mbili zinatazamana. Ukurasa huu mlango wa kushoto, huu wa kulia, na miali inapanda pamoja. Ndiyo raha ya kabati zima. Lakini babake alikuwa kitandani anaumwa, harusi imebaki siku tatu, na yeye peke yake karakanani na haraka zake. Akauweka mlango wa kulia mezani kichwa chini. Akachonga mshiko. Na mshiko ukishachongwa, mlango haugeuki tena—upande wa kushikia ndio huo, bawaba huku, basi. Aligundua alipousimamisha. Kushoto miali inapanda, kulia inashuka. Ubao mwingine haukuwepo.

Akaolewa nalo hivyo hivyo.

"Siku ya nne ya ndoa marehemu alinikuta nimekaa mbele ya kabati nalia. Akadhani nimemchukia yeye, masikini! Nilipomwambia ni mlango, akautazama. Hakuona kitu, karani wa posta ataona nini? Akatoka. Akarudi na kopo la bluu na brashi. Akapaka kabati zima, na shati lake la harusi. Akasema, haya, sasa yote iko sawa."

Na kila rangi ilipobanduka kwenye mlango ule, hata kidogo kama punje, mzee alikuwa mbio na kopo lake. Asije akauona akakumbuka.

Ndiyo hizo tisa.

Nilimjua baba mkwe miaka kumi na saba. Mtu mkimya, shati limepigwa pasi, na chini ya ukucha wa dole gumba daima kuna kijani kidogo. Nilidhani ni cha geti. Nilirudi ukurasa wa tarehe 2 nikasoma nilichoandika, kwamba aliyelipaka angefungwa. Nimeona aibu. Nimelia pia, niandike tu ukweli, nimemlilia mzee yule leo kuliko siku ya mazishi yake.

Jumamosi, 16 Machi

Mafuta ya mwisho kwenye droo. Kabati lote linawaka asali isipokuwa mlango mmoja wa kijani katikati. Limekaa kama mtu mwenye bandeji.

Nikasema tuuache. Ni wa marehemu ule. Bwana Kipimo naye akasema tuuache. Mama akatusikiliza wote wawili, akasema chumvi imezidi kwenye mboga.

Fundi Randa nilimpigia, nikamwambia fundi amepatikana. Ametuma salamu, kwa mikono miwili.

Jumapili, 17 Machi

Naandika nimesimama, chumbani kwa Mama, daftari juu ya kitanda chake.

Asubuhi nilimkuta sebuleni amevaa shati la marehemu, mikono kaikunja. Kikwangulio mkononi. Akasema leo mlango wa kulia.

"Mama, si ulisema usiguswe?"

"Nilisema wewe usiuguse. Sikusema mimi."

Nilipuliza joto, yeye akakwangua. Hakutazama hata mara moja. Vidole vya mkono mmoja vinatangulia, kikwangulio kinafuata. Miaka sabini na tisa na hakuukwaruza ubao hata mara moja, mimi nilikwaruza mara tatu. Mwanawe alikaa kwenye kiti cha kumi na moja, futi imo mfukoni. Hakupima chochote. Kijani, tena kijani, krimu, krimu. Alipofika kwenye bluu alipunguza mkono. Ganda moja, dogo kama ukucha wa dole gumba, akalitia kwenye mfuko wa shati akafunga kifungo. Mengine yakaanguka.

Saa tatu jua limeingia kwa dirisha la mbele, likapiga mlango wote.

Imegeuka. Mtu yeyote angeona. Kushoto miali inapanda, kulia inashuka, na pale milango inapokutana inapishana kama watu wawili kwenye ngazi. Nimeshaona makabati ya ng'ambo mangapi, miali yake inapanda pamoja kwa adabu! Sikumbuki hata moja. Hili sitalisahau mpaka nife. Lakini si mimi niliyekaa mbele yake nikalia.

Mama alisogea nyuma hatua mbili. Uso kaugeuza pembeni.

"Inaonekana?"

Bwana Kipimo akafungua mdomo. Mama, iko sawa kabi—

"Baba yako alishaniambia iko sawa." Hakukasirika, alikuwa anatabasamu. "Nataka kuona mwenyewe. Mkwe, niletee miwani. Ile mipya."

Ndiyo nimekuja kuichukua. Ninayo mkononi. Nimeifuta kwa ncha ya blauzi mara tatu na haikuwa chafu. Kila siku namwambia mtu mzima kwamba jino hili haliponi, sipepesi jicho, na leo siwezi kuvuka korido ile iliyobakisha sentimita nne.

Ananiita.

"Mkwe! Umekwenda kuichonga hiyo miwani?"

Bwana Kipimo anacheka, au analia, kwa mbali sijui. Anaita tena. Anasema niharakishe, jua limeshaanza kuhama, limefika kwenye droo za kushoto, na yeye hajauona mlango wake.